Kabati Lisilo na Mwenyewe

Mimba ya mke wa kinyozi ilipofika mwezi wa saba, ikabidi mmoja ahame chumbani. Kabati lilikuwa na miguu minne iliyochongwa kama ya simba, lakini hakuna hata mmoja uliokuwa tayari kutembea. Mke alikuwa na miwili tu, tena imevimba, akahama yeye.

Si kwamba waligombana. Chumba chenyewe ndicho kilichokataa. Kitanda kilisukumwa mpaka ukutani, kabati likasimama mbele yake kama askari wa zamu, na mlango wa chuma kila ulipofunguliwa uligonga ubavu wa kabati ukaishia nusu. Kuingia ilikuwa ni kutoa pumzi yote, kugeuka ubavu na kujipenyeza. Mke alijipenyeza hivyo tangu siku ya harusi bila malalamiko, lakini tumbo lilipoanza kuchomoza akawa anapita kwa kusaidiwa, mumewe akivuta mkono kwa ndani na majirani wakitoa ushauri kwa nje. Siku aliyokwama, nusu yake chumbani na nusu barazani, mama mwenye nyumba alipita na ndoo yake akauliza kama hapo watu wanaingia au wanatoka. Mke hakucheka. Alipochomoka alifunga virago akaenda kwa mama yake, na aliacha neno moja tu: yeye na mtoto hawatarudi mpaka lile jeneza la wima litoke.

Mtoto akazaliwa salama, wa kiume, mwenye sauti ya king'ora. Kinyozi alikwenda kumwona ukweni, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi, na kila aliponyoosha mikono ampakate, mkwewe alimuuliza kama amenawa nywele za watu. Alirudi nyumbani akiwa amefanikiwa kumshika mwanawe kidole kimoja tu cha mguu. Kisha mke akapiga simu. Alisema anarudi Jumamosi kwa teksi. Atashuka, ataufungua mlango. Ukifunguka wote, ataingia na mtoto wake. Ukiishia nusu, dereva ataambiwa asizime injini.

Kinyozi akajibu alivyozoea kujibu dunia nzima: "Hamna shida."

Ndilo jina walilompa mtaani, Hamna Shida, na hakulipata kwa bahati. Ukimwomba akushikie mzigo wako mara moja, atakushikia mpaka usahau una mzigo. Kwenye kibanda chake cha kunyolea kulikuwa na tairi la mtu, tundu la kuku lisilo na kuku, na mwavuli ambao mwenyewe alikuwa ameshahamia mji mwingine na kuoa huko. Lakini hivyo vyote vilikuwa mzaha. Mzigo wenyewe ulikuwa kabati.

Lilikuwa la mbao nyeusi ngumu, milango mitatu, kioo chenye ufa uliomkata shingo kila aliyejitazama, na droo moja chini iliyofunguka siku ikijisikia. Lilinuka dawa ya nondo, na harufu ile iliwafuata mpaka kwenye sherehe za watu. Cha kuchekesha, ndani hamkuwa na kitu. Kinyozi na mkewe waliona haya kuweka nguo zao kwenye kabati la wenyewe, kwa hiyo nguo zao zilikaa kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, na kabati lilikaa tupu, linapumzika.

Aliyelileta ni baba yake mdogo, miaka hiyo kinyozi akiwa bado kapera. Alifika na mkokoteni, akasema anahama, mwanangu nishikie siku mbili tu. Kinyozi akasema hamna shida. Siku mbili zile mpaka leo hazijaisha. Halafu mama mwenye nyumba akaung'oa mlango wa mbao uliokuwa mpana akaweka wa chuma, mwembamba, kwa sababu ya wezi. Tangu hapo wezi hawakuweza kuingia, na kabati halikuweza kutoka.

Basi ilikuwa ni kulikata vipande. Seremala alikuwa jirani kabisa, ng'ambo ya kichochoro, na msumeno wake ulisikika kutwa nzima. Lakini seremala yule alikuwa na utaratibu wake. Zamani alipewa kitanda akikate kiwe vigoda, akakikata vizuri, vigoda vikatoka kama mapacha, kisha wakatokea kaka na dada wa yule mteja wakidai kitanda ni cha marehemu mama yao. Seremala alilala mahabusu, msumeno wake ukalala mezani kwa polisi kama ushahidi. Alipotoka aliapa. Kitu chochote cha familia, mwenyewe lazima asimame mbele yake, aweke kiganja juu ya mbao na aseme kwa mdomo wake: langu, kata. Bila hivyo hata ukucha wa mbao hatoi.

"Si langu," kinyozi akamwambia ukweli. "La baba mdogo."

"Basi mlete baba mdogo na kiganja chake."

Baba mdogo alikuwa fundi wa magodoro. Kinyozi alimkuta amekaa katikati ya sufi kama kuku anayeatamia, sindano ndefu mkononi, nyingine ameibana kwa meno. Mzee yule alikuwa na masikio yanayofanya kazi kwa ratiba. Ukimwuliza amekula, anasikia. Kinyozi alipotaja kabati, masikio yakafungwa. Akarudia mara kadhaa, mwisho akamfokea karibu na sikio, na baba mdogo akatoa sindano mdomoni akajibu kwa upole kwamba kabati si lake hata kidogo. La shangazi. Shangazi alimpa amshikie. Tena, aliongeza akivua kiatu, lile kabati lilimwangukia kidole hiki hapa, na kwa ajili ya lile kabati alikataa chumba kizuri chenye dirisha kwa kuwa lisingeingia, akaishi miaka mizima kwenye chumba kisicho na upepo. Yote hayo kwa heshima ya dada yake.

"Kwa nini hukumrudishia?"

"Kitu cha watu hakirudishwi hivi hivi," baba mdogo akasema, na masikio yakafungwa tena.

Shangazi aliuza mayai ya jumla. Duka lake lilikuwa minara ya trei kutoka sakafuni hadi darini, na yeye mwenyewe, mama wa mwili uliojaa, alikuwa amejenga maisha yake katikati ya minara hiyo kwa mwendo wa tahadhari. Huwezi kugombana na mtu kwenye duka la mayai. Hata kukohoa unaaga kwanza. Kinyozi akaweka mikono mfukoni, akanong'ona shida yake, na shangazi akanong'ona jibu: lile kabati si lake. La mama yako. Ulipofiwa na baba yako, mama yako alihamia chumba kidogo, akamwomba yeye shangazi amshikie, akamwambia ni la ukoo. Shangazi akalipokea, akalala jikoni karibu na mafiga mpaka watoto wake wakakua, kwa sababu chumbani hapakutosha yeye na kabati. Alipolizungumzia jiko lile mkono ulimtoka, mnara mmoja ukatikisika, wote wawili wakasimama kama picha mpaka mayai yakatulia.

"La ukoo, mwanangu," akamalizia kwa pumzi. "Mimi nani nilikatae?"

Kinyozi alirudi kibandani kichwa kimemjaa. Wateja walikuwa wamekaa kwenye benchi wakijadili, kama kawaida yao, kwa nini maisha yamekuwa mazito. Mmoja alisema ni serikali. Mwingine, kichwa kimenyolewa upande mmoja na anasubiri wa pili, alisema ni wakwe. Mstaafu aliyekuja kusoma gazeti la bure alisema ni vijana. Ulikuwa mjadala mzuri, kila mtu alijua mzigo wake umetoka kwa nani, na kwa utamu wa maneno hakuna aliyegundua kwamba kinyozi amesimama na mashine inaunguruma hewani hamnyoi mtu. Alikuwa anahesabu moyoni: baba mdogo amelitunza kwa ajili ya shangazi. Shangazi amelitunza kwa ajili ya mama. Yeye amelitunza kwa ajili ya baba mdogo. Ilikuwa Ijumaa. Akazima mashine, akamwacha mteja na nusu yake, akaenda kwa mama.

Mama yake alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele kwenye ungo, anatupa mawe kwa kuku wa jirani. Kinyozi hakukaa. Alimuuliza moja kwa moja lile kabati ni la nani, na kama ni la mama, aje sasa hivi na kiganja chake.

"Lako," mama akasema, jicho kwenye mchele.

"Langu kivipi?"

"Lako. La nani mwingine?"

Akamsimulia huku anapepeta. Kabati lilitoka kwa babu, likaja kwa baba, na baba hakulipenda tangu siku ya kwanza. Alimpata mnunuzi, mtu wa mkokoteni, wakapatana, likaanza kusogezwa. Mtoto, yaani wewe, umri wako hata kuvaa suruali vizuri bado, ukakimbia ukaingia ndani ya kabati ukafunga mlango. Ukalia. Wakakutoa, ukarudi. Ulilia mpaka ukatapika, na ulitapika kwenye viatu vya mnunuzi. Yule mtu akaondoka na mkokoteni wake mtupu, na baba yako akasema basi, mtoto analipenda, likae.

"Nilikuwa nalipendea nini?"

"Nitajuaje? Wiki iliyofuata ukapata tairi la baiskeli, hukuligusa tena."

Kinyozi akakaa, kumbe amekalia mchele uliokwisha kuchambuliwa. Akauliza kwa nini basi shangazi aliambiwa ni la ukoo.

"Ningemwambia la mtoto, angesema kaliuze umnunulie mtoto viatu. La ukoo haliulizwi," mama akasema, akimsukuma atoke juu ya mchele. "Halafu shemeji akakuletea mwenyewe, sijui nani alimtuma. Nikaona unalitunza, hata nguo huweki, nikasema mwanangu bado analipenda. Inuka basi."

Jumamosi asubuhi seremala alijipenyeza chumbani na msumeno, akapanda kitandani kwa kuwa hapakuwa na pahali pengine pa kusimama. Kinyozi akanyoosha kiganja akakiweka juu ya mbao nyeusi. Mbao ilikuwa ya baridi.

"Langu," akaanza.

"Lako tangu lini?" sauti ya baba mdogo ikauliza kutoka mlangoni.

Masikio yalikuwa yamefunguka. Mama, kwa furaha ya kumaliza jambo, alikuwa amempigia simu wifi yake jana jioni, na shangazi akampigia mdogo wake, na sasa baba mdogo alikuwa ameshaingia ndani kwa ubavu, kofia mkononi, na nyuma yake shangazi anakuja kwa hasira kubwa kuliko upana wa mlango ulivyoruhusu. Aliingiza bega, akaingiza kifua, akafika katikati, akakoma. Mlango wa chuma ulimbana mgongoni, kabati likamsubiri usoni. Hakurudi nyuma wala hakusonga mbele. Hakulitia maanani hilo. Alikuwa amekuja kusema, akasema.

Alisema kabati la baba yake mzazi haliwezi kukatwa na mtoto wa juzi. Baba mdogo akadakia kwamba kidole chake kimelipia kabati hilo. Watu waliolikana kabati siku chache tu zilizopita, mmoja kwa kunong'ona na mwingine kwa kuziba masikio, sasa kila mmoja alikuwa na haki yake, urithi wake na kumbukumbu zake. Kinyozi akasema hamna shida, basi lichukueni. Baba mdogo akakumbuka kwamba kwake panavuja. Shangazi akasema mayai hayapendi harufu ya nondo. Lakini kukatwa, wakakubaliana kwa sauti moja, halikatwi. Seremala akaketi kitandani, akaweka msumeno mapajani na kusema yeye hana haraka, mahabusu anapajua.

Hapo ndipo teksi ikasimama nje.

Kinyozi aliisikia kabla ya kuiona, kwa sababu injini haikuzimwa. Kwa juu ya bega la shangazi, kwenye upenyo uliobaki, alimwona mkewe ameshuka, mtoto amefunikwa shuka, na mama yake kinyozi ambaye alikwenda kuwachukua akishuka upande wa pili na mabeseni. Mke aliutazama mlango. Haukuwa umefika hata nusu, na katikati yake kulikuwa na mgongo wa mtu. Alimgeukia dereva, akamwambia asubiri, na akaweka mkono kwenye mlango wa gari.

Kinyozi alifungua mdomo, na neno lake la siku zote likamjia mpaka kwenye ulimi. Akalimeza.

"Shangazi," akasema. "Mimi ndiye niliyelia."

"Ulilia nini?"

"Siku baba anataka kuliuza. Nililia, akaliacha. Mama amenieleza jana. Hakuna ukoo, hakuna urithi. Ni mtoto alilia. Wewe umelala jikoni kwa ajili ya kilio changu, baba mdogo amekosa dirisha kwa ajili ya kilio changu, na mimi mke wangu yuko pale nje anarudi kwao."

Shangazi hakuweza kugeuka kumtazama mke, akamtazama kinyozi.

"Nilishanyamaza, shangazi," akasema. "Nilinyamaza wiki ile ile. Hakuna aliyeniuliza."

Pale mlangoni mtu mzima alikuwa amebanwa mbele na nyuma, jasho likimtiririka. Macho yake yalikwenda kwenye ule ufa wa kioo uliomkata shingo, akajitazama. Baba mdogo alivaa kofia, akaivua. Kisha shangazi alianza kutetemeka, na kwa kuwa alikuwa ameshikana na mlango, mlango ukatetemeka naye, chuma kikagonga mbao kama mtu anayebisha hodi. Walidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Jikoni!" akasema. "Moshi umenila macho, nikimwomba Mungu anipe subira, kumbe wewe uko na tairi lako unakimbia."

Alipenyeza mkono mmoja mpaka ukafika, akaweka kiganja juu ya mbao kando ya kiganja cha kinyozi. Baba mdogo naye, baada ya kukitazama kidole chake kwa mara ya mwisho, akaweka chake. Seremala alihesabu viganja kwa macho, akaridhika.

"Letu," shangazi akasema. "Kata. Na uanzie upande huu nilipo mimi."

Msumeno ukaanza. Unga wa mbao ukamwangukia shangazi kichwani mpaka akafanana na mwokaji mikate, na ubavu wa kabati ulipoachia, yeye akaingia chumbani kwa kasi ambayo hakuipanga, akatua kitandani juu ya seremala. Mlango wa chuma ulifuata nyuma yake. Ukaenda, ukaenda, ukagonga ukuta. Kinyozi hakuwahi kujua kwamba ule ukuta una sauti. Nje, teksi ikazimwa.

Mke aliingia kwa mbele, mzimamzima, hatua za mtu anayeingia benki. Alisimama katikati ya chumba, akageuka huku na huku kwa kuwa tu iliwezekana. Kisha akampa kinyozi mtoto bila kumuuliza habari ya mikono, akaanza kutoa amri. Baba mdogo alibeba kioo, akisema ni fidia ya kidole chake. Vipande vilitoka kimoja kimoja, na majirani waliokuja kuangalia wakaondoka na kuni. Kabati lililokaa miaka mingi bila kubeba nguo hata moja liliondoka kwa muda wa kunyoa vichwa viwili vitatu.

Ikabaki droo. Wakati mke anafagia na kupiga deki, mama yake kinyozi aliitandika shuka, akamlaza mtoto ndani asimezwe na vumbi. Mtoto akatulia. Hata kile king'ora kilizimika, akawa anatazama dari na kupiga mateke mbao, anayo mawili matatu ya kusema. Sakafu ilipokauka, mke akamwinua, seremala akaichukua droo aitoe nje.

Mtoto akalia. Alilia kama anayefukuzwa nchini mwake, uso mwekundu, ngumi angani.

"Mwachieni," mama yake kinyozi akasema kwa huruma. "Mtoto anaipenda."

Seremala akasimama mlangoni na droo. Shangazi aliyekuwa anajipangusa unga akasimama. Baba mdogo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alisikia neno lililosemwa kwa sauti ndogo. Wote wakaitazama droo, kisha wakamtazama mtoto, kisha wakaanza, pole pole, kutazama vyumba vyao kichwani mwao, ni nani mwenye nafasi. Kinyozi aliona kabisa ile droo ikianza kuota miguu ya simba.

Seremala akasafisha koo.

"Ya nani hii?"

Mke alihamishia mtoto begani, akapiga hatua mbili, akaweka kiganja juu ya mbao.

"Yangu," akasema. "Kata."

Mtoto alilia mpaka alipopewa ziwa. Kisha akasahau, akalala, na mlango ukaachwa wazi wote mpaka jioni, kwa sababu kila aliyepita alitaka kuufungua na kuufunga mwenyewe.